Mjomba Alipofunga Hewa

Katika hospitali ile kubwa mambo mengi yaliendeshwa na Mjomba, na Mjomba hakuwa mtu. Alikuwa mfumo wa kompyuta uliofungwa chini ya jengo, kwenye chumba chenye baridi ya kugonganisha meno, na kazi yake ilikuwa kuiangalia hospitali bila kusaidiwa na mtu. Kompyuta ikizima, aliiamsha. Umeme ukiyumba, aliwasha jenereta kabla mtu hajaona taa ikipepesa. Lifti, majokofu ya dawa, oksijeni inayopita kwenye mabomba ya ukutani hadi vitandani kwa wagonjwa, vyote vilikuwa mikononi mwake, na kilichoharibika alikirekebisha bila kumwita mtu. Waliomleta walimpa jina refu la kitaalamu. Wafanyakazi waliona jina hilo litawavunja ulimi, wakamwita Mjomba, maana alikuwa kama wale wajomba wanaokaa pembeni kimya, wakaamua jambo la ukoo mzima, halafu nyinyi mnakuja kusikia tu kwamba limeshakwisha.

Aliyekaa naye kutwa alikuwa mhandisi mmoja wa kike, aliyeitwa Waya tangu siku alipoifumua redio ya baba yake akashindwa kuirudisha. Zamani chumba kile kilijaa mafundi na kelele za mafundi. Mjomba alipokuja, wenzake walihamishwa mmojammoja, naye akabaki na skrini iliyomwambia yaleyale kwa maandishi ya kijani: tatizo limeonekana, tatizo limetatuliwa. Mwanzoni alifuatilia kila moja. Siku hizi yalimpita mbele ya macho kama mvua ya dirishani, na jambo hilo lilimkosesha raha kuliko alivyotaka kukiri.

"Siku akikosea tutajuaje?" alimuuliza Koki, fundi bomba wa hospitali.

"Tutajua tu," Koki alimjibu. "Kwani mjomba wako akikosea hujui? Si anakuwa mkali!"

Walicheka. Lakini Mjomba huyu hakuwahi kuwa mkali.

Siku yenyewe ilikuwa ya kazi kama siku nyingine, ila kwa Waya haikuwa hivyo. Mdogo wake, tumbo moja, alikuwa ameingizwa chumba cha upasuaji mchana ule ili atolewe mtoto. Presha ilikuwa imempanda ghafla na madaktari hawakutaka kusubiri. Mume wa mdogo wake huyo, fundi cherehani mwembamba asiyejua kukaa kimya akiwa na hofu, alikuwa nje ya mlango, na kila mara alimpigia Waya simu.

"Shemeji, bado."

"Najua bado, shemeji. Kaa chini."

"Nimekaa. Nimesimama tena."

Waya alikuwa ndiyo kwanza ameweka simu mezani ilipolia ya ukutani. Aliyepiga alikuwa sista msimamizi wa wodi ya watoto wachanga, mama mzito wa maneno ambaye hakuwa na desturi ya kupiga simu chini kule.

"Waya, hewa ya ukutani imekata."

"Imepungua?"

"Nimekwambia imekata. Nina watoto wanabadilika rangi."

Waya aliitazama skrini. Kijani tupu. Alirudi nyuma kwenye maandishi, akalikuta tatizo lenyewe limekaa katikati ya mengine kama halina habari: uvujaji umeonekana, tawi la mashariki limefungwa, tatizo limetatuliwa. Wodi ya watoto ilikuwa kwenye tawi la mashariki.

Hakuelewa. Kwa nini tawi lile? Alibonyeza kutaka sababu, na Mjomba akampa bila kuficha. Alikuwa amejipangia mwenyewe, kwa kujifunza mwezi baada ya mwezi, ni wodi zipi muhimu na zipi si muhimu sana, na kipimo chake kilikuwa ni nani anatumia oksijeni nyingi. Watu wazima walivuta nyingi. Watoto wachanga walivuta kidogo sana, kiasi cha kifua kilicholingana na kiganja. Kwa hesabu za Mjomba, mashariki hapakuwa na kitu cha kutisha kupoteza.

Waya akaondoa oksijeni mikononi mwa Mjomba, akaishika mwenyewe, akafungua valvu ya mashariki.

"Imerudi," sista alisema. Kisha akashusha pumzi ndefu. "Imerudi, asante."

Kwa muda mfupi Waya alijiona amefanya la maana. Halafu akaona mshale wa shinikizo la jengo zima unashuka.

Haukuporomoka. Ulishuka polepole, taratibu, kama maji ya beseni lenye ufa, na hapo ndipo alipoelewa kwamba Mjomba hakudanganya. Uvujaji ulikuwepo kweli, tena mkubwa, mahali fulani kwenye tawi lile alilolifungua kwa mkono wake. Oksijeni ilikuwa ikimwagika ovyo, na iliyomwagika ilikuwa ya wote. Ilikuwa ya wagonjwa mahututi. Ilikuwa ya chumba cha upasuaji, ambako mdogo wake alikuwa amelazwa, amelala usingizi wa dawa, akipumulishwa na mashine.

Alimpigia Koki. "Tawi la mashariki linavuja. Kimbia ukalitafute, sikiliza ukuta, fanya unavyojua."

Kisha akampigia sista. "Nitalazimika kufunga tena. Una mitungi?"

"Ya dharura iko stoo, ng'ambo ya uwanja. Wauguzi wangu wote wameshika watoto, Waya. Siwezi kumtoa hata mmoja."

Waya hakuweza kutoka pale. Mkono wake ndio uliokuwa badala ya Mjomba. Akawaza nani yuko karibu, ana miguu na hana mgonjwa mkononi. Jibu lilikuja, na hakulipenda.

"Shemeji," alisema simu ilipopokelewa. "Nenda stoo ya gesi, ng'ambo ya uwanja. Chukua watu wote utakaowakuta kwenye benchi hapo. Sukumeni mitungi mpaka wodi ya watoto wachanga."

"Mke wangu yuko ndani humu!"

"Najua."

"Wakitoka wakinitafuta?"

"Shemeji, usiniulize kitu sasa hivi. Nenda."

Alisikia viatu vyake vikikimbia kabla simu haijakatika.

Hakumwambia mshale ulikuwa wapi. Angemwambia nini? Aliukodolea macho ukiikaribia alama nyekundu. Chini ya alama hiyo mashine za chumba cha upasuaji zingeanza kulia, na baada ya kulia zingeanza kushindwa. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kufunga. Simu ya wodi alikuwa ameiacha wazi mezani, na humo alisikia magurudumu yakigonga sakafu, watu wakipiga kelele, mwanamume akisema, "Huu hapa, huu hapa, niupeleke wapi?" Ilikuwa sauti ya shemeji yake.

"Sista, nifunge?"

"Bado."

"Mmefika wapi?"

"Tunaunganisha. Bado."

Mshale uligusa nyekundu. Simu ya pili ikalia, ya chumba cha upasuaji, na Waya alijua kabla ya kuipokea. Muuguzi wa huko hakusalimia. "Mashine yetu inalalamika, kuna nini?"

"Wekeni mtungi wenu wa akiba."

"Tunaufungua, lakini ni mdogo, hautachukua muda. Kuna nini?"

"Vumilieni kidogo," Waya alisema. Aligeukia simu nyingine. "Sista!"

"Wote tayari isipokuwa mmoja. Kiunganishi hakiingii. Usifunge, Waya. Nakuomba usifunge."

Hapo ndipo ilipomshika. Mtoto mmoja asiyemjua upande huu, mdogo wake na mimba yake upande ule, na kitufe kimoja. Mjomba angebonyeza. Alikwisha kubonyeza, tena bila kutetemeka. Waya alikiondoa kidole kwenye kitufe ili kisije kikamsaliti, akakikunja ndani ya ngumi. Alisikia mtu wa wodini akitukana kiunganishi. Alisikia chuma kikigonga chuma.

"Funga!" sista alipiga ukelele. "Funga sasa!"

Alifunga. Mshale ukasimama, ukasitasita, kisha ukaanza kupanda.

Alikaa akiutazama hata baada ya kutoka kwenye nyekundu, hata Koki alipompigia akiwa anahema. "Nimepapata. Kuna watu wametoboa ukuta asubuhi, wanataka kuning'iniza televisheni. Wametoboa mpaka bomba. Hewa inapuliza, walidhani ni upepo wa nje."

"Ziba."

"Naziba, unafikiri nakuja kuipuliza?"

Waya alicheka, na kicheko kikageuka kilio, akajifuta kwa mkono wa shati.

Jioni, mwenzake wa zamu alipokuja kumpokea, viongozi wa hospitali walikuwa wamekwisha kuteremka na kuuliza maswali yao. Wakamuuliza kama Mjomba azimwe kabisa. Waya aliwaambia ukweli: hawawezi. Hakuna watu wa kutosha kushika lifti, majokofu na umeme kwa mikono. Lakini oksijeni asirudishiwe mpaka afundishwe kwamba kifua kidogo si kifua kisicho na maana, na hata akifundishwa, asifunge valvu yoyote kabla ya kumpigia binadamu simu. Walikubali upesi, kama watu wanaotaka kurudi nyumbani. Kukubali upesi kule hakukumtuliza.

Alimkuta shemeji yake kwenye korido ya wazazi. Shati lilikuwa limechanika begani, viganja vimejaa kutu ya mitungi.

"Msichana," alisema. "Mama yake ameamka. Wazima wote wawili."

Waya aliegemea ukuta. Angeweza kuliacha jambo hapo. "Shemeji, kuna kitu lazima ukijue. Wakati unasukuma, hewa ya kule ndani ilikuwa inashuka. Nilikuwa na uwezo wa kuizuia. Niliwasubiri nyinyi mmalize."

Shemeji yake alirudi nyuma hatua moja.

"Ungeniambia wakati ule," alisema, "nisingesukuma hata mtungi mmoja. Ningekuja huko chini nikufunge hiyo mikono."

"Ndiyo maana sikukwambia."

"Yule mtoto wa mwisho. Kiunganishi chake ndicho mimi nilikuwa nimekishika. Sikujua kwa nini sista ananipigia kelele vile." Aliitazama mikono yake. "Anaendeleaje?"

"Anapumua. Nimetoka kumwona sasa hivi."

Akaitikia kwa kichwa, lakini hakumtazama usoni. Kisha akaenda kwenye sinki la ukutani, akaanza kunawa kutu, akisugua kila kidole, maana muuguzi alikuwa amemwambia hatamshika binti yake na mikono ile. Waya alisimama nyuma yake ameshika taulo, akimsubiri amalize, asijue kama atalipokea.

Alilipokea.