Mfungo wa Mayu Esteria

Siku ya tisa ya mfungo wake, Esteria, ambaye wote walimwita Mayu, yaani mama, alikuwa mtu maarufu pale kijijini Dutwa. Wanawake wa kanisani walimsalimia kwa mikono miwili. Mzee wa kanisa Bundala, ambaye hajamsifu mtu tangu achaguliwe, alisema mbele ya watu kwamba imani ya namna ile alidhani imebaki kwenye Biblia tu.

Hakuna aliyejua kwamba mfungo ule haukuanzishwa na imani. Uliletwa na ndoo ya unga, ilipobaki tupu.

Msimu uliopita jua lilikausha mahindi yakiwa yametoa ndevu tu. Esteria, mjane anayeishi na mjukuu wake Lucy wa miaka minane, alivuna kidogo, wakala kidogo kidogo mpaka Novemba. Kilichobaki ni mbegu: mahindi arobaini yaliyofungwa kwa maganda yake, yakaning'inizwa juu ya mafiga ili moshi uyalinde na wadudu. Hayo yalikuwa ya kupanda. Akiyala, mwaka ujao hana shamba, na asiyekuwa na shamba Dutwa ni mgeni wa kila mtu.

Asubuhi moja jirani yake Justina, mwenyekiti wa akina mama, alimkuta amekaa na kikombe cha maji ya moto.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, mwanangu."

"Mbona mafiga yamepoa? Hujapika?"

Sasa hapo mtu angesema sina unga, mambo yakaisha. Esteria akasema, "Nimefunga."

Justina akarudi nyuma hatua mbili, kama aliyemkuta mtu anaoga. "Nisamehe, mayu! Ngoja nikuache na Bwana." Kufikia jioni habari ilikuwa imefika hadi kituo cha mabasi.

Ubaya wa kufunga ni kwamba watu wanakuheshimu. Jumamosi Justina alipokea wageni wa mahari, akapika ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yameungwa kwa karanga. Sahani ikafika mpaka mbele ya Esteria, mvuke ukamgusa kidevu. "Ah! Nimesahau, mayu umefunga," Justina akasema, akaihamishia kwa mama wa pembeni, ambaye kwa kumtazama tu ulijua hajawahi kuruka mlo. Jumapili, baada ya ibada, chai na maandazi vikampita. Siku ya Jumanne, Shija, mwenye ng'ombe wa kulimia, alitaka kumwachia kibuyu cha maziwa, mkewe akamvuta shati: "Unataka kumwingiza yule mama majaribuni?" Kibuyu kikarudi nyumbani.

Lucy alikuwa na nafuu kwa sababu shuleni walipewa uji. Jioni bibi yake alimchemshia mlenda wa porini, bibi mwenyewe akamalizia mchuzi. Lakini shule zikafungwa, na wiki hiyohiyo mvua ikashuka.

"Jumamosi naleta ng'ombe shambani kwako," Shija alimpigia kelele kutoka barabarani. "Mbegu unazo?"

"Ninazo."

"Safi!"

Safi, ndiyo. Ila Lucy alikuwa ameanza kulala chali jikoni, akiyatazama yale mahindi. Hakuomba. Angeomba, ingekuwa rahisi kumkatalia.

Kila asubuhi Esteria alipiga magoti. "Baba, tupe chakula cha leo. Mbegu zibaki. Na mtu yeyote asijue." Yaani alimtaka Mungu amlishe, lakini apitie dirishani. Tusimcheke sana. Maisha yake yote alikuwa ndiye anayepima unga kwenye bakuli la jirani, na mkono uliozoea kutoa hauna ujuzi wa kukinga.

Alhamisi, siku hiyo ya tisa, Lucy aliamka akasema haendi kucheza, atalala tu. Esteria akapanda kigoda, akashusha fungu moja la mahindi, akaliweka kwenye ungo. Akaligusa, akaondoa mkono. Alikuwa amepangiwa kutoa ushuhuda kwenye kikao cha akina mama. Niende kwanza, akajiambia. Nikirudi napukuchua.

Kanisani bati lilikuwa limeshapata moto. Justina akamkaribisha kwa vigelegele. "Leo mayu atatupa siri. Siku tisa! Mimi nikichelewa chai tu naanza kugombana na kuku."

Kabla Esteria hajafungua mdomo, mkono ukanyanyuka nyuma. Alikuwa Monika, msichana aliyeolewa juzijuzi, mtoto wa miezi minne kifuani.

"Mayu, samahani. Na mimi nimekufuata, leo siku ya nne. Ila nikisimama naona giza, na maziwa yamekata, mtoto analia tu. Ninakosea wapi? Wewe unaombaje?"

Esteria akamtazama vizuri. Mashavu yamezama. Kitenge, ambacho mwezi uliopita kilimzunguka mara moja na nusu, sasa kilimzunguka karibu mara mbili.

"Monika, nyumbani una unga?"

Monika akatazama sakafu.

"Nimekuuliza, mwanangu. Unao?"

"Uliisha Jumapili."

Ushuhuda aliokuwa ameupanga ulikuwa mzuri, una mistari mitatu ya Biblia. Esteria akauacha.

"Basi wangu uliisha kabla ya wako," akasema. "Sijafunga, akina mama. Sina chakula. Nilimdanganya Justina, halafu uongo wenyewe ukapendwa, nikashindwa kuurudisha. Huyu binti msimwache aendelee. Hakuna siri ya kumfundisha hapa. Ni njaa."

Justina akasimama, macho yamemtoka.

"Mayu! Ile sahani nilikuondolea mimi! Kwa mkono huu!"

"Niliiona ikienda."

"Ukanyamaza!"

"Nilikuwa nameza mate."

Mama mmoja akaficha uso kwenye kanga, mabega yakamtikisika, kisha kanisa zima likaangua kicheko. Justina naye alicheka, huku akifuta machozi kwa kiganja, na machozi hayakuwa ya kicheko.

"Na kuomba unaomba?"

"Kila siku."

"Basi Mungu amenituma kwako, ukanirudisha. Akatuma chai, ukairudisha. Akamtuma Shija na maziwa yake. Ulitaka amtume nani, mayu? Malaika aje na baiskeli?"

"Nilitaka aje kimyakimya," Esteria akasema polepole.

"Kimyakimya, na mtoto amelala njaa." Justina akageukia wenzake. "Kikao kimefungwa. Nina nusu gunia la michembe. Nani ana karanga?"

Karanga zilikuwepo. Maziwa yakaagizwa kwa Shija, na mkewe ndiye aliyeyaleta, anatembea haraka, hataki kumtazama mtu. Mwingine akataja mama wa tatu, jirani yake, ambaye naye amekuwa "akifunga" tangu juzi, akatumiwa mtu wa kumwita.

Jikoni kwa Esteria moto wa miti ya pamba ukawaka. Justina aliliona lile fungu kwenye ungo. Alilinyanyua, akamkabidhi mwenyewe, na Esteria akapanda kigoda, akalifunga mahali pake, akakaza fundo mara mbili. Jumamosi ng'ombe wa Shija wangekuta cha kupanda.

Michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ikaiva, ikapondwa na karanga. Lucy na Monika wakasogea. Esteria akafumba macho kushukuru. Alikuwa na mengi ya kumwambia Mungu, ya shukrani na ya kuomba msamaha, akaanzia mbali, kwenye ukame wa msimu uliopita.

"Mayu," Justina akamkatiza, "mengine utamwambia tukishakula. Huyu ananyonyesha."

"Amina," akasema Esteria.

Akala bila kuinua kichwa. Sahani ilipobaki tupu aliishika kwa muda, akaitazama, kisha akaisukuma mpaka mbele ya Justina.

"Niongeze, mwanangu."