Mkate wa Kwanza Si wa Kuuza

Mwokaji mikate alipomzika mkewe hakulia. Watu walimtazama pale makaburini wakasema huyu atalipuka akifika nyumbani. Akafika nyumbani, akakaa, akala alichopewa, akalala. Msiba ulipoisha akafungua duka lake kama mtu aliyetoka sokoni mara moja akarudi. Ukimwambia pole, anasema sawa. Ukimwambia paa lako linavuja, anasema sawa. Alikuwa amekufa ganzi, jamani, ganzi ile ya mtu aliyekalia mguu, ila yake ilikuwa ya mwili mzima.

Zamani hakuwa hivyo. Yeye na marehemu walikuwa na sheria yao: mkate wa kwanza kutoka tanurini si wa kuuza. Waliula wenyewe, wamesimama, ungali moto, kabla hawajafungua mlango. Na kila alfajiri waligombania pua. Tanuri lao lilikuwa kuukuu, kona moja inawaka kuliko nyingine, kwa hiyo mkate uliookwa kule ulitoka na ncha moja imeungua, nyeusi na ngumu. Ncha hiyo wenyewe waliiita pua ya mkate, na kila mmoja alidai ni haki yake. Mke atasema amechoka, anastahili pua. Mume atasema yeye ndiye aliyekanda, anastahili pua. Watu wazima, wana mjukuu, wanakimbizana kuzunguka meza ya unga kwa ajili ya kipande kilichoungua! Hiyo ndiyo ilikuwa raha yao, na wala hawakujua kuwa ni raha. Walidhani ni ugomvi tu.

Baada ya msiba mkate wa kwanza aliuuza. Auonje wa nini? Ulimi wake ulikuwa hautofautishi chai na maji ya kunawa. Iliyofanya kazi ni mikono, maana mikono ilikwisha kukariri: unga, hamira, maji, kanda, funika, gawa, choma.

Majirani wakampigia simu bintiye, muuguzi katika mji mwingine, wakamwambia baba yako yupo lakini hayupo. Binti akaja na shauri moja: duka lifungwe, tanuri liuzwe, baba ahamie kwake. Alikuwa amejiandaa kubishana hadi koo limkauke. Baba akasema sawa. Akaja mnunuzi, akaligongagonga tanuri, akasema atalichukua kesho mchana. Sawa. Binti akajifungia bafuni akalia, maana alitaka abishiwe.

Jioni hiyo binti akakata mkate wa dukani anywee chai. Akatafuna, akasita, akatafuna tena.

"Baba, huu mkate hauna chumvi."

Mwokaji akamwambia haiwezekani, yeye anaoka mikate tangu binti hajazaliwa. Binti akamkatia kipande, akamsimamia kama anavyowasimamia wagonjwa wake mpaka dawa ipite. Mwokaji akatafuna, hakusikia ladha yoyote, akadhani ni ulimi wake uleule. Lakini neno lilikuwa limekwisha kumwingia. Akaweka mikono juu ya meza tupu, akaipitisha kazi yote hewani. Unga, hamira, maji, kanda. Mikono haikusimama mahali popote kuchukua chumvi.

Chumvi ilikuwa ya mkewe. Miaka yote, yeye akimimina maji, mkono wa mkewe ulipita chini ya wake na chumvi, na mikono yake mwenyewe haikuwahi kujifunza.

Akavuka barabara hadi kwa fundi viatu, mteja wake wa kila siku, akamuuliza mkate ukoje siku hizi. Fundi akajifanya anatafuta uzi. Aliposhindwa kuupata akafungua kopo la misumari, akatoa kikaratasi kilichokunjwa. Ndani mlikuwa na chumvi. Akakiri kwamba mtaa mzima ndivyo unavyokula, kila nyumba inajinyunyizia yake.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tungekuambiaje, jirani? Mwenye chumvi tumemzika sote."

Uso ukamwaka mwokaji. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, na yeye kumbe siku zote alikuwa anatembea uchi, mtaa umegeuza macho unatafuna. Ilikuwa aibu tupu, ilimuuma vibaya, na ndiyo kitu cha kwanza alichokihisi tangu makaburini. Akarudi nayo nyumbani.

Alfajiri akakanda kama kawaida. Akamimina maji, halafu mkono ukasimama wenyewe, ukangoja. Hakuna aliyepita chini yake. Hapo ndipo alipolia, lo, akalia mpaka pua ikajaa unga, huku akichota chumvi kwa kukisia, kwa kuwa hakuwahi kumuuliza mkewe kipimo.

Mkate wa kwanza ulipotoka, binti alikuwa amesimama mlangoni, begi limeshafungwa. Mwokaji akaumega. Chumvi ilikuwa imezidi, tena mno. Hata yeye aliisikia. Binti akakunja uso, akacheka, kisha bila kufikiri akanyoosha mkono akaidaka pua ya mkate.

Mwokaji akamshika kiganja.

"Hapana," akasema.

Binti akamtazama. Tangu afike hakuwa amelisikia neno hilo. Akamwambia polepole kwamba hicho ni kipande kilichoungua tu, baba.

"Hapana. Hiyo ni yangu. Na yule mtu wa tanuri mpigie simu, mwambie asije."

Binti akaiachia mara moja, akaanza kupekua begi kwa furaha akitafuta simu. Mama yake asingeiachia kirahisi hivyo. Hilo nalo mwokaji alilihisi, amesimama pale na pua yote peke yake, inamchoma vidole.