Kobe Aliyezijaribu Ruta Zetu

Begi langu la safari lilikuwa limeshafungwa na mama mkwe na kuwekwa nyuma ya mlango. Kila nikilipita nilitazama pembeni.

Ninafanya kazi kitengo cha mtandao, katika shirika lenye zahanati nyingi, kila moja mji wake. Kila zahanati ina ruta, kile kisanduku kinachoiunganisha na makao makuu, na mipangilio ikibadilika lazima mtu aende akazibadilishe moja moja kwa mkono. Fundi aliyekuwa akizunguka aliacha kazi. Zamu ikaniangukia mimi, mwenye mtoto anayenyonya.

"Kuna programu inayoweza kufanya kazi hiyo tukiwa hapahapa," nilimwambia mkuu wangu. "Ni huria, yeyote anaruhusiwa kuisoma na kuiongezea kitu. Tatizo haizijui ruta za aina yetu."

"Nani atazitambulisha?"

"Mimi."

Akanitazama juu ya miwani. Anajua elimu yangu ni ya madarasa ya jioni, lakini hilo hakuligusa, na namshukuru. "Haya. Ikikubali, utabaki. Isipokubali, mama, Jumatatu uko barabarani."

Nikaandika kipande cha programu cha kuzitambulisha, nikiwa na ruta moja ya akiba mezani. Iliitika kila amri. Nikakituma kwa wanaoitunza programu, watu wa kujitolea waliotawanyika huko na huko. Aliyekipokea anajiita Kobe. Sura yake siijui mpaka leo. Alitafuta ruta kama zetu, akaipata, akaanza kujaribu.

"Kazi safi, inasomeka," aliandika Ijumaa. "Ila kwangu inakwama. Nikiiomba ruta mipangilio yake, inatoa mwanzo tu, halafu kimya."

Nikajaribu kwangu, ikatoa yote. Nikarudia, yote. Nikamjibu kwa adabu kwamba huenda ruta yake ni mbovu.

"Inawezekana, nimeiokota kwenye vitu chakavu," akajibu. "Lakini hebu tuulizane kwanza: yako ina nini ambacho yangu haina?"

Nikarudi nyumbani nimenywea. Mama mkwe alikuwa jikoni anamlisha mtoto uji. Mtoto anameza kijiko, anafunga mdomo, anamkodolea macho bibi yake.

"Enhe," anasema bibi. Mdomo unafunguka.

"Mbona lazima umwambie kila kijiko, mama?"

"Ndivyo alivyo huyu mume wangu. Asipoambiwa enhe, uji utapoa na yeye ametulia tuli. Nimemdekeza, najua. Wewe huoni kwa sababu kwako ni ziwa, halina mazungumzo."

Nikabaki nimesimama, kiatu kimoja mkononi. Ruta zetu ndivyo zilivyo. Maandishi yakijaa kwenye kioo cha kompyuta, zinasimama na kusubiri mtu abonyeze kitufe ndipo ziendelee. Binadamu anabonyeza bila hata kufikiri. Programu haibonyezi, yenyewe inaisubiri ruta, na ruta inamsubiri mtu. Ile ya mezani kwangu niliizima tabia hiyo siku nilipoitoa kwenye boksi, kwa sababu ilinikera, kisha nikasahau kabisa.

"Umepatwa na nini?" akauliza mama mkwe.

"Nimesahau kuiambia enhe."

"Kumwambia nani?"

"Ruta, mama."

"Kaa chini, mwanangu. Umechoka."

Nikakaa kweli, palepale mezani, mtoto pajani akigombea vitufe na mimi. Nikaongeza mstari mmoja: kabla ya lolote, iambie ruta isisimame njiani. Nikamtumia Kobe, nikamwomba radhi kwa kuisingizia ruta yake.

Nilikuwa bado nanyonyesha jibu lilipoingia. "Imetoa yote. Nimekipokea. Ruta imekusamehe."

Nikamuuliza kwa nini alijisumbua hivyo kwa mtu asiyemjua.

"Kipande changu cha kwanza kilikuwa kibaya kuliko chako," aliandika. "Kuna mtu alikaa nacho mpaka kikanyooka, na hakunicheka."

Jumatatu mkuu alisimama nyuma ya kiti changu. Nikatoa amri. Zahanati zikaanza kuitika, moja baada ya nyingine, hata ile ya milimani ambako simu zenyewe hupokelewa kwa kubahatisha.

"Basi kaa," akasema, akaenda zake kutafuta chai.

Jioni nikalivuta begi kutoka nyuma ya mlango.

"Na mimi nilishaanza kumfundisha kikombe," mama mkwe akalalamika, huku anacheka.

"Endelea tu, mama. Nitakuwa nawatazama."

Nikatoa nguo, taulo, viatu. Chini kabisa, imekunjwa vizuri, nikakuta fulana ya mtoto, haijafuliwa, bado ina harufu yake ya maziwa na usingizi. Alikuwa ameniwekea ya kunusa huko njiani.

"Asante, mama."

"Ya nini? Itie kwenye beseni, kesho nafua."