Kitabu Kilichofumuliwa

Ijumaa ile nilipofika maktaba nilikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya Kiswahili, kama mtu anavyokwenda kumtazama mgonjwa wake kabla ya kuamkia wenye nyumba. Kitabu changu hakikuwepo. Pale nilipokiacha palikuwa na upenyo, na vitabu vya jirani vimeanza kulaliana kuuziba.

Maktaba yenyewe ni chumba cha chini katika jengo moja la Discovery Gardens. Wakaazi wamekijaza vitabu walivyokwisha kuvisoma, na hufunguliwa majira ya baridi tu, kwa sababu kiangazi hakuna anayetaka kulipa umeme wa kukipoza. Mimi nakaa Rashidiya kwa mwanangu Amour, mwisho mwingine wa mji. Maktaba zilizo kubwa na zilizo karibu nazijua. Kadi zake ninazo, na walinzi wake wananiamkia kwa jina. Lakini rafu ya Kiswahili nimeiona hapa tu, kwa hiyo kila Ijumaa baada ya sala nachukua metro na kitabu mkononi, nashuka Ibn Battuta.

Asiyekaa Dubai hucheka akisikia nikitaja baridi. Acheke. Hapa mwaka una sehemu mbili, ya mikono na ya kichwa. Joto likiwa kali nashona kofia na kujalidi vitabu vya watu, kazi ambazo vidole vimekwisha kuzijua. Upepo ukigeuka mwezi wa kumi na moja, navaa sweta, natoa meza yangu roshani, naandika. Mke wangu Joha husema wazimu wangu una msimu kama maembe. Nami humjibu kwamba mambo haya ya kuandika niliyasoma shule ya jioni, kwanza Unguja nikitoka kubeba magunia, kisha huku Deira nikitoka ghalani, na mtu aliyesoma akiwa amechoka hawezi kuacha kwa sababu amezeeka.

Kitabu kilichopotea nilikiandika kwa majira manne ya baridi. Ni hadithi ya Famau, fundi cherehani wa Ng'ambo ya Unguja, aliyeletewa kitambaa ashone koti la harusi la mtu anayemwoa mwanamke ambaye Famau mwenyewe alimpenda na hakuthubutu kusema. Niliandika kwa mkono, wino mweusi. Nilipomaliza nilizikunja karatasi, nikazishona mafungu saba, nikapiga gundi mgongoni na kukivisha jalada la kitambaa cha kijani kilichobaki kwenye mapazia ya Joha. Amour aliniambia nipige kopi kwanza. Nikamjibu kwamba kopi hupigwa karatasi za forodha. Hakukuwa na nakala nyingine duniani.

Nikamwendea Frida, Mtanzania anayesimamia maktaba. Wiki nzima hukaa mapokezi katika shule ya watoto wadogo, na Ijumaa huja hapa bila mshahara, kwa kupenda tu. Nilimwuliza kwa sauti niliyoitaka iwe ya kawaida. Akatabasamu.

"Kimeazimwa, Mzee Thuwein. Nilidhani utanipa zawadi."

Nikamkumbusha kwamba nilisema kisomwe palepale, kisitoke. Akasema alinisikia vizuri sana, lakini alikuja Zephania, mlinzi wa mnara mmoja wa Marina, akakisoma wima hapo kwenye rafu mpaka basi la kazini likataka kumwacha. Akaomba mara ya kwanza, akaomba mara ya pili. Frida akashindwa.

"Kitabu hakiogopi kutoka, mzee. Anayeogopa ni mwenyewe."

Nikamwomba ampigie simu huyo Zephania. Haikupatikana. Akapiga tena, na safari hii tabasamu lilimtoka, kwa sababu alikumbuka jambo: Zephania alisema mkataba wake unaisha na anarudi kwao Mwanza. Siku gani, Frida hakuuliza. Alichonacho ni namba ya jengo na ya chumba.

Sikumbuki kama nilimuaga. Jengo halikuwa mbali, lakini majengo ya pale yamefanana kama nguo za sare, na mara mbili niliingia pasipokuwa pake. Hewa ilikuwa nzuri, watu wametoka na watoto wao kwenye nyasi, mimi najifuta jasho. Nimewasindikiza watu wengi uwanja wa ndege. Najua mzigo ukizidi kilo mtu anavyopiga magoti sakafuni na kufungua sanduku mbele ya wageni, na najua kinachotolewa kwanza. Hakitolewi kiatu cha mtoto wala blanketi. Hutolewa karatasi. Nilikiona kitabu changu juu ya pipa la taka, jalada la kijani likiangalia taa.

Joha akapiga simu. Akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nasoma.

Mlango ulifunguliwa na mtu mrefu aliyevaa kikoi na fulana, akaniamkia shikamoo kabla hajajua shida yangu. Jina lake Josephat. Chumba kilikuwa cha vitanda vya ghorofa, kila kitanda kimezibwa kwa pazia la kanga ili mtu apate faragha yake, na jikoni palinuka dagaa wa kukaanga. Nilisema nimetoka maktaba, namtafuta Zephania. Sikuongeza.

"Zephania kaondoka Jumatano, mzee."

Nikashika fremu ya mlango. Nikauliza habari ya kitabu.

"Kipi, kile cha fundi? Kipo." Akanivutia kiti cha plastiki. "Kipo, ila hakipo kama ulivyokiacha."

Akainua mto wake, akatoa karatasi zilizokunjwa katikati. Lilikuwa fungu moja. Nililitambua kabla sijalishika: fungu la nne, lenye msiba wa mama yake Famau. Uzi niliopitisha kwa sindano ulikuwa umekatwa, vipande vyake vinaning'inia kwenye matundu.

Josephat alinieleza bila aibu, kama mtu anayeeleza jinsi wanavyogawana zamu za kufua. Zephania alianza kuwasomea usiku wa kwanza, wakapenda, lakini zamu zao hazikutani. Huyu anatoka mwenzake anaingia. Kitabu kikilala na mmoja, wengine wanaulizana kimefika wapi. Wakataka kupigana. Ndipo Japhet, Mkenya wa kitanda cha juu, akachukua wembe akakata nyuzi taratibu, fungu kwa fungu, wakayatia namba kwa penseli. Kila mtu akimaliza fungu lake humpa wa kitanda kinachofuata na kupokea jingine. Zephania aliwaachia ahadi ya kukirudisha maktaba wakishamaliza wote.

"Hajachana hata karatasi moja," Josephat akasema. "Japhet ana mkono mwepesi."

Nimefundisha watu kujalidi. Nimewaambia kwamba kitabu kisichoshonwa ni bahasha ya barua zisizo na mwenyewe. Nilikaa kwenye kile kiti nikatamani kuwaambia kwamba uzi ule niliutia nta, na kwamba mgongo ule niliubana kwa mbao siku mbili. Nikasema tu kwamba maktaba inakitaka chote, leo.

Josephat na wenzake waliokuwamo wakaanza kukusanya. Jalada lilikuwa juu ya friji, na ndani yake fungu la kwanza na la pili, yaliyokwisha kusomwa na kila mtu. La tatu lilitoka kwa Zedekiya, mtu mfupi aliyekuwa akigeuza dagaa, likiwa na duara la chai pembeni. La tano walilichomoa chini ya blanketi la mtu aliyelala baada ya zamu, polepole, kama wanaomwibia. La sita lilikuwa ndani ya kiatu kipya, ili lisikunjamane. Nikayapanga kwa mpangilio wake mapajani. Nikayahesabu, nikayahesabu tena.

La saba, lenye mwisho, halikuwepo.

Analo Japhet, wakasema, anatembea nalo kwenye mfuko wa sare. Yuko kazini Marina, atarudi na basi la jioni. Simu kazini hawaruhusiwi kupokea. Nikauliza kama anaweza kuliacha mahali. Josephat akasema kabla ya kuliacha ataiacha roho yake.

Basi tukangoja. Wakaniletea chai, wakanipa sahani ya wali na dagaa, na kwa kuwa kwao mimi nilikuwa mtu wa maktaba tu, wakazungumza juu ya kitabu mbele yangu kama watu wanavyozungumza juu ya jirani asiyekuwepo.

Zedekiya alisema mwandishi anajua mambo ya cherehani, hilo hakatai, ila anazunguka. "Fungu la tatu lote mvua tu. Inanyesha, inanyesha, mpaka nikaanika soksi."

Josephat akasema yeye mvua ile aliipenda, ilimkumbusha Bukoba, lakini hamwelewi Famau. Mtu anampenda mwanamke miaka yote ile, anakaa kimya anashona vifungo. Akanigeukia. "Wewe mzee umekisoma?"

Nikasema nimekisoma.

"Basi tuambie. Aliliharibu lile koti, au hakuliharibu? Mimi ningekata mkono mmoja mfupi, bwana harusi aingie ukumbini kama mwari."

"Fundi haharibu kazi yake," Zedekiya akasema kutoka jikoni.

"Kwa hiyo ashone vizuri, ampelekee mwenzake mke?"

"Ashone. Halafu akae na uchungu wake. Kazi ni kazi."

Wakaniangalia wakingoja. Nikawaambia kitabu husomwa, hakisimuliwi. Zedekiya akacheka, akasema watu wa maktaba wote ni polisi.

Nilipokuwa nikila nilijaribu kukumbuka mwisho nilioandika. Nilikuwa na hakika nao siku nilipoushona. Sasa, nikisikia watu hawa wakibishana, kila upande na sababu zake, mwisho wangu ulianza kuonekana mwembamba. Nilikuwa nimeuandika mwezi wa pili, baridi inaondoka, na nilikuwa na haraka ya kumaliza kabla ya joto. Hilo sikuwa nimelifikiri mpaka nilipokaa pale na sahani mkononi. Nikaacha kula.

Magharibi ikaingia. Josephat akasogeza viatu vya watu, akanitandikia shuka safi kati ya vitanda, na nilipokuwa nikiswali wakazima redio. Nakiri kwamba katika sijda ya mwisho niliomba basi la Japhet lichelewe.

Halikuchelewa. Japhet aliingia na sare yake, kofia kwapani, kijana mwembamba mwenye macho ya usingizi. Josephat akamweleza: mzee wa maktaba, anataka kitabu, lete la saba. Japhet akashika mfuko wake wa kifuani kwa kiganja.

"Mzee wangu, bado kurasa chache. Nilikatiziwa na sir mmoja amepoteza ufunguo. Niache nimalize."

Josephat akasema na wao je, ambao hawajalisoma hata mstari? Mzee akiondoka nalo ndiyo khalas, watakaa na koti hilo kichwani mpaka mkataba uishe. Mwingine akasema Japhet ameshajua, amejifanya hajui. Sauti zikapanda. Yule aliyelala akatoa kichwa kwenye pazia, akauliza nani amemchukulia fungu lake.

Ningeweza kunyoosha mkono. Kitabu kilikuwa changu, kila herufi. Ningekitia mkobani, nikawahi treni, na nyumbani ningekishona upya mpaka asijue mtu kama kiliwahi kufumuliwa. Badala yake nilisikia nikimwambia Japhet alisome kwa sauti, tangu mwanzo wa fungu, wote wasikie, kisha nitaondoka nacho.

Japhet akakaa kwenye ukingo wa kitanda bila kuvua viatu. Wengine wakasogea; Zedekiya akazima jiko. Alisoma kwa kusitasita, Kiswahili chake cha Nakuru kikikwaruza maneno yangu ya Unguja, akipumua pasipo na mkato na kupita pale nilipotaka asimame. Nilishika mafungu sita mapajani nikawatazama nyuso. Josephat alikuwa ameuma kucha. Hakuna aliyecheka pale nilipodhani watacheka. Walicheka mbele kidogo, mahali ambapo sikuwa nimetia mzaha wowote.

Japhet akakwama.

"Hapa pameandikwa nini? Huyu mtu anaandika kama daktari." Akageuza karatasi kwenye taa. "Famau akaweka kitambaa mezani... aka... siwezi."

Alikuwa mbali nami, na macho yangu hayafiki hata nusu ya hapo.

"Famau akaweka kitambaa mezani," nikasema, "akakilaza kama anavyolazwa mtoto mwenye homa, na kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kazi akaogopa mkono wake mwenyewe."

Japhet akafuata kwa kidole. Midomo yake ikatembea. Akainua uso, akamtazama Josephat, na Josephat akanitazama mimi, kwanza vidole vyangu vyenye alama za sindano, kisha mafungu niliyokuwa nimeyakumbatia.

"Mzee," Zedekiya akasema taratibu, "ile habari ya soksi ulikuwa utani tu."

Nikamwambia Japhet aendelee. Nilikuwa nimekuja nikiogopa karatasi zitapotea. Zilikuwa zote ndani ya chumba, na sikuwa nimeogopa hivi hata njiani. Josephat akaja kukaa sakafuni karibu na kiti changu, magoti yake yakagusa kanzu yangu, asinitazame tena.

Japhet akatafuta mstari wake, akaupata. Famau alikuwa ameshika mkasi.