Mikasi Nyuma ya Ufa

Mshona kola alirudi kiwandani Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, mdomo bado umevimba kidogo. Mahali palipokuwa na chonge la kushoto sasa palikuwa na skrubu iliyozama mfupani, na juu yake jino la muda. Daktari wa meno alimwonya asilitumie kwa miezi minne. Mfupa unataka utulivu ili uikamate skrubu. Ikicheza hata kwa upana wa unywele, utaiachia.

"Na mfupa wako mwembamba, mama. Hii ikitoka, sina pa kuweka nyingine."

Upande wa kulia alishabaki na mapengo, kwa sababu kiwandani hapakuwa na mikasi. Mwaka juzi mmoja ulipotea, na msimamizi akaikusanya yote ishirini na mitatu iliyobaki, akaifungia kabatini ofisini kwake. Tangu hapo washonaji walikata uzi kwa meno. Msimamizi, mkono wa birika hata kwa mali isiyo yake, alisema meno hayapotei.

Siku tatu za kwanza mshona kola alikatiwa uzi na wifi yake, aliyekaa cherehani ya pembeni.

"Lete hapa, wifi. Mimi nina meno ya kukodisha."

Siku ya nne msimamizi aliona kola zinachelewa, akamhamishia wifi kwenye vifungo. Mshona kola akabaki roho juu. Ulimi ulirudi kwenye jino kila dakika, mguu ulicheza juu ya pedali hata cherehani ikiwa imezimwa. Kola zilimrundikia hadi kidevuni. Saa nne akapiga moyo konde, akauma uzi.

Jino halikutikisika. Kilichotikisika ni ukuta wa ofisi ya msimamizi, ukapata ufa mwembamba karibu na sakafu. Akauma wa pili, ufa ukapanda. Hakuna aliyeacha kushona. Fundi wa mashine alikuja na futi, akapima, akaandika kwenye kiganja.

"Kwa kola mia mbili kwa siku, ufa utafika darini baada ya miezi mitatu," alisema, akarudi kwenye mashine zake.

Daktari alipoelezwa hakuinua hata kichwa.

"Mzigo lazima ubebwe na kitu. Bora ukuta kuliko mfupa. Endelea."

Mshona kola hakufarijika. Mwanzoni aliogopea jino tu, sasa akaogopea na dari. Chokaa iliwadondokea washonaji mabegani, wakaipangusa na kuendelea. Msimamizi alisimamisha nguzo ya mbao, kisha ya pili, kisha akahamisha meza yake. Kabati hakulifungua.

Miezi minne ilipotimia daktari aliligonga jino kwa mpini wa chuma, likatoa sauti kavu. Mfupa ulikuwa umekamata. Mshona kola alilia palepale kitini, kwa furaha, bila aibu yoyote.

Mchana alirudi kazini. Ufa ulikuwa umepanuka na kupasua mgongo wa kabati lililoegemea ukuta huo kwa ndani, na mikasi ilionekana ndani imetundikwa kwenye misumari, inang'aa kwa mafuta. Upenyo ulitosha jicho. Mkono haukupita; walishajaribu wote.

Wifi akaja kutoka kwenye vifungo, ameshika shavu. Kiganjani alikuwa na nusu ya jino.

"Yule daktari wako," aliuliza, "kesho yupo?"

Msimamizi alitoka ofisini. Akamtazama wifi, akautazama ukuta wa pili, ule uliokuwa bado mzima, kisha akamwambia fundi alete nguzo nyingine mbili.