Ukurasa wa Sifa Zangu

Mimi nikianza kusema, nisubirini nimalize, ndivyo nilivyozaliwa. Chuoni waliniita Spika, na wala sikuona kama ni tusi. Mwaka wangu wa pili nilikuwa kiongozi wa walezi, yaani sisi wanafunzi tuliotangulia kidogo tukapewa wadogo wa mwaka wa kwanza tuwashike mkono. Na si wadogo wowote, bali wale ambao kwao hakuna aliyewahi kukanyaga chuo, hata kwa kupotea njia. Mama yangu mwenyewe, mfua nguo, alidhani profesa ni cheo cha polisi.

Siku zile, jamani! Tulikutana kwenye stoo ya viti vibovu, kila Jumatano saa kumi, na aliyewahi ndiye aliyepata kiti chenye miguu minne. Tangu hapo nimefanya kazi kwenye ofisi zenye mazulia, lakini kicheko cha mle stoo sijakipata tena. Nakikumbuka mpaka naumwa.

Mdogo wangu mimi alikuwa binti wa fundi viatu. Tulimwita Daftari, kwa sababu kila nilichosema alikiandika, na tarehe juu. Nikisema bomba la ghorofa ya pili halina maji, anaandika: Dada amesema bomba halina maji. Nikipiga chafya, nadhani aliandika pia. Tulimtania, akatabasamu, akaendelea. Baba yake alipomleta alinishika mkono kwa mikono yake miwili, gundi imekauka kwenye kucha, akaniomba nimtazamie mwanawe. Yeye aliishia darasa la nne, akasema, na huku hajui hata mlango wa kuulizia. Nikamwambia aondoe shaka, mtoto yuko mikononi mwangu.

Wiki moja kabla ya mitihani, orodha za watahiniwa zikabandikwa. Daftari akaisoma yake mara tatu, jina hamna. Kumbe masomo husajiliwa upya kila muhula, na fomu inarudishwa kabla ya wiki ya nne kwisha. Yeye hakujua. Muhula mzima amekaa kiti cha mbele, kazi zote ameleta, alama nzuri, na kwenye karatasi za chuo hayupo. Wenye kaka na dada waliosoma huambiwa mambo hayo nyumbani. Wenzetu wa stoo waliokota habari mabwenini. Daftari hakumuuliza mtu, na amuulize nani wakati alikuwa na mimi?

Asipofanya mtihani, ufadhili unakatika na anarudi kwenye kibanda cha viatu. Basi tukaenda ofisi ya usajili, kwa mama mmoja tuliyemwita Mama Muhuri, ambaye hata salamu aliitikia kama anakataa ombi. Alitusikiliza, akavua miwani. Akasema mwanafunzi ambaye hakuelezwa anaweza kuongezwa kwenye orodha. Aliyeelezwa akapuuza, hana mtihani. Kisha akamgeukia Daftari.

"Mlezi wako alikuambia, au hakukuambia?"

Mimi nilikuwa natazama sakafu. Jibu nililijua. Nilijua pia kwamba mlezi asiyetoa maelezo ya usajili huvuliwa cheo, na chumba changu cha peke yangu, chenye dirisha la kuangalia uwanjani, kilikuja na uongozi ule. Nikasema moyoni, mwache mtoto aseme mwenyewe, ukweli utatoka kinywani mwake na mimi nitakuwa sijajichongea. Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyowaza, na sioni sababu ya kujipaka asali leo.

"Aliniambia," akasema Daftari. "Nilisahau mimi."

Mama Muhuri akavaa miwani yake, akalisogeza faili upande wa yaliyokwisha. Mtoto amelikumbatia daftari lake, hamwangalii mtu. Hapo aibu ikanipanda mpaka masikioni. Nikalishika lile daftari, akaling'ang'ania, nikalivuta. Nikatafuta Jumatano ya wiki ya tatu, nikaliweka mezani, nikamwomba Mama Muhuri asome.

Akasoma kwa sauti, tena polepole, Mungu amsamehe. Dada amesema alikuja chuoni na jozi moja ya viatu. Dada amesema mwalimu wa hesabu alimwogopa. Dada amesema kiongozi huzaliwa, hatengenezwi. Dada amesema muda umekwisha, tuonane Jumatano. Ukurasa mzima, neno usajili halimo. Siku ile nilitakiwa kueleza fomu, nikatumia saa nzima kujisifu, nikasema nitaeleza wiki ijayo, na wiki ijayo nikasahau. Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu.

"Hakuambiwa," nikasema. "Aliyekosa ni mimi."

Mama Muhuri akaivuta orodha, akaandika jina la Daftari kwa mkono pale chini kabisa, akagonga muhuri. Akachukua karatasi nyingine na kuniuliza majina yangu matatu. Nikampa. Ijumaa nilihamishia godoro langu kwenye chumba cha watu watano.

Tulipotoka nilimgombeza pale pale kwenye ngazi. Nilimuuliza ana akili gani, kukubali kupoteza chuo kwa ajili yangu, na baba yake angemwambia nini. Alingoja nikachoka.

"Kwetu mkubwa akikosea hatajwi mbele ya watu," akasema.

Nikamwambia ukubwa gani, mimi na wewe tumepishana mwaka mmoja tu.

"Kwetu mwaka mmoja unatosha, Dada."

Nikakaa kwenye ngazi, nikalia. Nimewakosea watu wengi tangu siku ile, wakanitaja, tena kwa haki yao. Yeye peke yake alikuwa tayari kurudi nyumbani ili mimi nisiaibike.