Elieth na Dawa ya Buluu

Jumanne, tarehe 14 Machi 1995, ndiyo siku mambo ya Batholomeo yalipoharibika. Siku hiyo mkewe Generosa alikatwa ziwa, na tezi za kwapani zikazolewa zote, nzima na mbovu, kama mtu anayeng'oa shamba la mizabibu kwa sababu ya shina moja. Mkono ukavimba hata kusonga ugali ukashindwa. Miaka miwili baadaye akafa. Batholomeo hakumlaumu Mungu. Aliwalaumu wakubwa wa serikali, waliouza kila kitu kisha wakawaambia wanyonge wachangie matibabu.

Mwaka 2000 binti yake Elieth, fundi cherehani wa Ipagala, alipopata uvimbe kwenye ziwa, mzee alisema hapeleki tena mtu wake buchani. Elieth akamjibu taratibu, "Baba, mama alikufa kwa kuchelewa."

Wiki ile hospitali ilikuwa na daktari mgeni wa wiki moja tu, Mwantum, mzaliwa wa Kondoa aliyesomea ng'ambo. Alieleza kwamba angemdunga Elieth dawa ya buluu, aliyokuja nayo mwenyewe, karibu na uvimbe, nayo ingefuata njia yake mpaka tezi ya kwanza kwapani. Kwa mkato mdogo angetoa uvimbe na tezi hiyo tu, ikapimwe. Ikiwa safi, bila saratani, zilizobaki haziguswi.

 Kule mashambani Makutupora, Batholomeo alikopulizia mizabibu dawa ya ukungu miaka ishirini, dawa ya buluu ilikuwa moja tu: mrututu. Nayo ni sumu. Aliyeimeza hunyweshwa maziwa upesi.

Baada ya upasuaji Elieth aliomba beseni, na mkojo ukatoka rangi ya mrututu mtupu. Mzee hakuuliza mtu. Alichomoa chupa kotini akammiminia binti maziwa mdomoni, naye, usingizi wa dawa haujamtoka, akatapikia shuka zima.

Muuguzi akaja juu. "Mzee, unataka mwanao apaliwe?"

"Mmempa sumu, halafu mnaniuliza mimi?"

Daktari Mwantum alipofika alianza na shikamoo. Kisha akamweleza kwamba ile ni rangi tu, hutoka na mkojo, na siku mbili zikipita ungekuwa kama maji matupu.

"Msameheni," Elieth alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Ananipulizia kama mzabibu, nisipate ukungu." Hata muuguzi alicheka.

Alhamisi majibu yakaja: tezi safi. Elieth akainua mikono yote miwili, akajifunga kilemba mwenyewe. Batholomeo aliitazama ile mikono, akavua kofia. Mtu ambaye kwa miaka mitano hakuwa amemshukuru yeyote anayelipwa na serikali alishika viganja vya daktari, akashindwa kuviachia.

"Mwanangu, Mungu akuzidishie. Umenirudishia mtoto."

Kwenye vitanda vya jirani wanawake watatu, wenye uvimbe kama wa Elieth, walikuwa wakisikiliza. Mzee akawaona. Sauti ikamshuka.

"Hiyo dawa umekuja nayo mwenyewe mkobani. Kesho ukiondoka nayo, wakubwa watawanunulia hawa nyingine, au watakatwa kama mama yake Elieth?"